Ripoti za uhandisi zionyeshe modeli ilivyoandaliwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahandisi wenzangu, hasa tunaobuni matela na matangi. Ripoti nyingi ninazoletewa nikague zina picha ya kompyuta yenye rangi nyekundu, njano na buluu, na chini yake sentensi moja: fremu iko salama. Modeli, yaani fremu iliyochorwa ndani ya kompyuta ili ipigiwe hesabu, iliandaliwaje? Hakuna neno.

Na kazi yenyewe iko hapo. Programu huigawa fremu katika wavu wa vipande vidogo, ikapiga hesabu ya jinsi kila kipande kinavyosukumana na jirani yake. Programu haiijui tela, inajua ulichoilisha tu. Mchoro wa karakana una vishikio vya taa, matundu ya nyaya, kona za mviringo. Vishikio vya taa viondolewe, vinaongeza hesabu bure. Lakini tundu lililotobolewa kwenye boriti karibu na springi libaki, maana nyufa huanzia hapo. Kipi kibaki na kipi kiondoke huamuliwa na mtu anayejua tela hukatikia wapi, na hakuna kitufe cha kumsaidia.

Kisha kuna kufunga fremu ndani ya modeli. Wengi huikaza kila penye springi kana kwamba imezikwa kwenye zege. Springi hunepa! Ukiikaza hivyo, mkazo, yaani nguvu inayoelemea kila eneo dogo la chuma, unaweza kupungua kwenye picha, lakini barabarani uko palepale.

Anayeona haya ni madogo asome habari za jukwaa la mafuta la Sleipner A. Tarehe 23 Agosti 1991 msingi wake wa zege ulikuwa ukizamishwa taratibu kwa majaribio kwenye ghuba ya Gandsfjorden, karibu na Stavanger, Norwe. Ukuta ukapasuka, msingi wote ukaenda chini. Watu waliokolewa, mali ikapotea. Uchunguzi ulikuta kwamba pale kuta za seli (vyumba vya zege vya msingi huo) zinapokutana, vipande vya wavu vilikuwa vikubwa mno na vyenye umbo baya, hivyo mkazo wa kukata ukahesabiwa pungufu kwa takriban asilimia 47. Nondo nazo zikawekwa kwa kufuata hesabu hiyo. Programu iliyotumika ilikuwa NASTRAN, yenye sifa dunia nzima.

Ombi langu: kila ripoti ionyeshe wavu wenyewe, mahali fremu iliposhikwa, na jumla ya nguvu za vishikizo (nguvu zinazoizuia fremu mahali hapo iliposhikwa) ikilinganishwa na mzigo uliowekwa. Zisipolingana, irudishwe. Hesabu irudiwe pia kwa vipande vidogo zaidi pale penye mkazo mkubwa, namba zote mbili ziandikwe. Penye kona kali ya ndani namba itazidi kupanda kila ukipunguza vipande, kwa hiyo mkazo usisomwe pale kwenye ncha. Mhandisi aeleze ameusomea wapi na kwa nini.

Wenye malori nao wayadai haya kabla ya kulipa.

Mhandisi wa mitambo,
Kibaha, Pwani