Mpwa wangu, chai haimo kwenye kiapo

Mpwa wangu mpendwa,

Orodha uliyonitumia, ya mambo ambayo eti Mwadventista Msabato haruhusiwi, nimeisoma hadi mwisho. Usinywe chai, usivae suruali wala herini, usipande matatu siku ya Sabato, usiongezewe damu, usichanjwe. Naijibu hapa hadharani kwa sababu inazunguka kwenye simu nyingi Nairobi hii, na wengi wanaoipokea wako darasa la ubatizo kama wewe.

Kabla hujabishana na yeyote, muombe mzee wa kanisa akuazime Mwongozo wa Kanisa, kitabu cha kanuni zetu. Humo mna kiapo cha ubatizo chenye maswali 13, yale utakayoulizwa mbele ya washiriki kabla ya kuingia majini. Kuna na kiapo kifupi cha maswali 3, nacho kinabeba mafundisho yaleyale. Kinachoulizwa kwenye kiapo ni sharti. Kilichomo kitabuni lakini nje ya kiapo ni kiwango ambacho kanisa linatarajia ukifikie. Kisichokuwemo kote kuwili ni ushauri, au desturi ya mtaa, au woga wa mtu. Na kitabu hicho hakirekebishwi na mchungaji wenu wala konferensi ya hapa, yaani ofisi inayosimamia makanisa ya eneo. Hurekebishwa na mkutano wa ulimwengu mzima wa Waadventista, ambao kwa kawaida hukaa kila baada ya miaka 5.

Swali la 10 ndilo la tumbo. Linakutaka uache vyakula najisi, pombe, tumbaku, na matumizi mabaya au biashara ya dawa za kulevya. Lisome polepole, kwa maana halisemi kunywa na kuvuta tu. Linataja pia kutengeneza na kuuza. Mwenye kioski anayeuza sigara mojamoja amekiuka hata kama hajawahi kuvuta. Miraa haikutajwa kwa jina, lakini usitafute mwanya hapo.

Chai haimo. Kahawa nayo haimo. Ni kweli kanisa linashauri watu wakae mbali na vinywaji vyenye kafeini, na Ellen White, mmoja wa waanzilishi wa kanisa, aliandika kwa ukali dhidi ya vyote viwili, lakini hakuna swali la ubatizo linalokuuliza kuhusu kikombe chako cha asubuhi. Ukiamua kuacha, na ni uamuzi mzuri, usiache ghafla. Mwili uliozoea kafeini huanza kudai kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho: kichwa kinagonga, unachoka, unakasirika bure. Wengi huacha Ijumaa, Sabato asubuhi kichwa kinapasuka katikati ya Shule ya Sabato, nao wanadhani ni majaribu ya shetani. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu au nne, au punguza majani kwenye sufuria. Ukiacha kwa mkupuo, jua kwamba hali hiyo kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au zaidi kidogo.

Vyakula najisi vimeorodheshwa Walawi 11 na Kumbukumbu la Torati 14. Mnyama awe na kwato zilizopasuka na pia acheue. Samaki awe na mapezi na magamba. Kwa hiyo nguruwe hapana, sungura hapana, na ngamia wa Eastleigh hapana, maana anacheua lakini kwato zake hazihesabiwi kuwa zimepasuka. Kambare, yule anayeitwa mumi, hana magamba. Kamba, kaa na pweza vivyo hivyo. Tilapia, mbuta na omena kula bila wasiwasi. Wanaokwama Nairobi hukwama mahali pawili. Kwanza ni soseji za kibandani, kwa kuwa muuzaji hakuonyeshi pakiti. Muulize, au usinunue. Pili ni mutura. Utumbo wa mbuzi ni safi, lakini ndani mna damu, na Matendo 15:20 inaitaja damu waziwazi. Nyama choma ya mbuzi au ng'ombe inaruhusiwa. Kanisa linapendekeza kula mboga na nafaka bila nyama, halikuamuru.

Sasa Sabato, ambayo ndiyo itakayokusumbua mjini. Inaanza jua likitua Ijumaa na kuisha jua likitua Jumamosi. Hapa Nairobi jua halichezi sana: mapema Novemba linatua karibu saa kumi na mbili na dakika ishirini, katikati ya Februari karibu saa moja kasoro dakika kumi. Kazi yako inafungwa saa kumi na moja, na Thika Road ya Ijumaa unaijua. Ukitoka muda wa kawaida, Sabato itakukuta umekaa kwenye matatu ukiwa na mboga ambazo hazijapikwa. Omba kutoka saa kumi siku za Ijumaa na ufidie kwa kufupisha chakula cha mchana siku nyingine. Ni rahisi zaidi kukubaliwa kuliko kuomba Jumamosi nzima, kwa hiyo watu huanza na hilo.

Tokeni za stima, data, gesi, maji ya kunywa: yote yanunuliwe kufikia Ijumaa mchana. Tokeni zikiisha saa tatu usiku wa Sabato, utajikuta unabishana na dhamiri yako gizani. Pika Ijumaa kitu kinachopendeza kikipashwa moto, kama maharagwe, githeri, wali wa nazi au chapati. Ugali usiuhesabu, wa jana haupendwi na mtu. Kupasha chakula moto hakujakatazwa. Kinachoepukwa ni shughuli ya kupika yenyewe, kukata na kuosha na kusimamia sufuria siku nzima, kama Kutoka 16:23 inavyoelekeza. Matatu ya kwenda kanisani haina kosa, na kutuma sadaka kwa simu si biashara. Kufanya manunuzi ukirudi ndiko kunakokatazwa, nako Nehemia 13 ina maneno makali.

Kazini, barua ya kuomba Sabato huharibika kwa sababu mbili. Mtu huiandika baada ya ratiba ya zamu kutoka, na huandika mahubiri badala ya saa. Meneja hahitaji Danieli na Ufunuo. Andika kwamba hutapatikana kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, taja Jumapili na sikukuu za umma utakazofidia, ambatisha barua ya mchungaji, tia tarehe, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mstari mmoja tu utaje Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010, kinachosema mtu hatanyimwa kazi au nafasi katika taasisi kwa sababu ya imani yake. Kwa mdogo wako aliye shuleni, mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na kanisa kwamba wanafunzi Waadventista wapewe nafasi ya kushika Sabato. Mtihani wa chuo ukipangwa Jumamosi, barua ifike kwa mkuu wa idara ratiba ikiwa bado rasimu. Wiki ya mtihani umechelewa. Wauguzi na madaktari hawahesabiwi kama wafanyakazi wengine, maana kuhudumia mgonjwa siku ya Sabato ni halali. Ila usafi mkubwa wa stoo unaweza kungoja Jumapili.

Mazishi yataleta ugomvi nyumbani kabla ya kitu kingine chochote. Ukoo wetu, kama koo nyingi za Kenya, huzika Jumamosi. Waraka wa kanisa kuhusu Sabato, uliopitishwa 1990, unashauri mazishi yaepukwe siku hiyo inapowezekana. Haukusema ni dhambi, na unakubali kwamba penye joto na pasipo pa kuhifadhi maiti huenda ikabidi. Kwa hiyo ingia kwenye kamati ya mazishi mkutano wa kwanza kabisa, wakati tarehe bado inajadiliwa. Pendekeza mwili utoke mochari Alhamisi asubuhi, ulale nyumbani usiku mmoja, uzikwe Ijumaa kabla ya saa tisa ili waombolezaji wafike walikotoka kabla ya machweo. Ijumaa ikikataliwa, pendekeza Jumapili. Ukishindwa kabisa, nenda ukae na wafiwa, lakini usipewe kazi ya kununua wala kulipa siku hiyo. Jambo moja halina nafasi ya kujadiliwa: Mwadventista anaamini mfu amelala hajui neno lolote hadi ufufuo, kama Mhubiri 9:5 inavyosema. Kumwombea marehemu au kuzungumza naye kaburini ukatae, kwa heshima lakini ukatae.

Herini zako? Hapo orodha yako ina ukweli. Kiapo hakizitaji, lakini Mwongozo unasema wazi kwamba kutojipamba kwa vito ndiko kunakolingana na imani hii. Pete ya ndoa ina maelezo yake: mahali ambapo jamii inaiona kama ithibati ya uaminifu, kanisa haliilaani. Suruali, kwa upande mwingine, ni desturi ya mtaa. Kinachotakiwa ni mavazi ya staha, na zipo sketi zisizo na staha. Makanisa mengine ya hapa yatakukunjia uso hata hivyo, na kwa saa tatu za ibada huenda sketi ikawa rahisi kuliko mabishano.

Kuongezewa damu hakujakatazwa. Wanaokataa ni Mashahidi wa Yehova, watu wanachanganya. Chanjo kanisa linaziunga mkono, lilitamka hivyo 2015 na likarudia 2021 wakati wa korona. Kuhusu kuwekea wanawake mikono kuwa wachungaji, kura ya mkutano wa ulimwengu uliokaa San Antonio 2015 ilikuwa 1,381 kukataa na 977 kukubali kila ukanda ujiamulie. Unaweza kuwa upande wowote ukabaki mshiriki. Utatu ni jambo jingine. Kuna vikundi vitakavyokuambia waanzilishi hawakuuamini. Ni kweli baadhi yao, kama Joseph Bates na James White, hawakuuamini. Lakini Utatu uko kwenye imani za msingi zilizopitishwa na mkutano wa ulimwengu Dallas 1980, na swali la kwanza la kiapo linahusu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Huwezi kukitamka kiapo huku unaukana.

Zaka ni asilimia 10, na haijengi paa la kanisa lenu. Hupelekwa konferensi kulipa wachungaji, na ujenzi hutegemea sadaka. Ukipata shilingi 40,000, zaka ni 4,000. Kama utahesabu kabla au baada ya kodi, uamuzi ni wako. Hakuna anayeondolewa ushirika kwa kukosa kutoa, ila viongozi hutarajiwa kuwa watoaji waaminifu. Mchumba wako, kwa kuwa si Mwadventista, tambueni mapema: kanisa linawasihi sana wachungaji wasifungishe ndoa za namna hiyo, kwa hiyo huenda wenu akakataa. Msianze kulipia ukumbi.

Na mtu akikutisha kwamba utatolewa kanisani, muulize ni nani atakayekutoa. Mzee wa kanisa hana uwezo huo peke yake. Baraza la kanisa nalo hupendekeza tu. Kura hupigwa na washiriki kwenye mkutano ulioitishwa rasmi, na adhabu ni mbili: karipio, la mwezi 1 hadi 12, au kuondolewa ushirika.

Siku yenyewe, beba taulo, ndala, mfuko usiopitisha maji wa nguo mbichi, na seti nzima ya nguo za ndani za kubadilisha, maana hiyo ndiyo watu husahau. Chini ya joho vaa nguo nyeusi au za rangi nzito, nyeupe ikilowa huonyesha kila kitu. Ukishushwa majini kunja magoti kidogo, usijikaze, la sivyo mchungaji atashindwa kukuinua.

Shangazi yako