Barua kwa mwanangu: usitie saini usichokiona

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mamako amenisomea ujumbe wako kwamba safari imeongezwa tena na kurudi Norfolk, kituo chenu cha jeshi la majini huko Marekani, hakujulikani lini. Yeye analia kwa kukukosa. Mimi nawaza hiyo mitambo ya manowari unayoifanyia ufundi.

Nimefanya kazi gudini, kwenye matengenezo ya meli, hapa Mombasa mpaka nikastaafu, najua meli ikichelewa kuingia inakuwaje. Mafundi walishapangwa, spea zilishaagizwa, na nyuma yake kuna meli nyingine inangoja nafasi hiyo hiyo. Ikiingia, mnafungua bomba mkidhani ni valvu tu, mnakuta kutu imekula mpaka mbavuni. Kazi inarefuka, ya pili inachelewa kutoka, na iliyoko baharini ndiyo inaongezewa miezi. Eisenhower, ile manowari yenu ya kubeba ndege, ilitoka 2020, ikarudishwa baharini mapema 2021; ilipoingia matengenezoni ikakaa mwaka na ushei. Na ule mzunguko wa miezi 36 wa matengenezo, mafunzo na safari, wakubwa wenu waliutangaza 2014 ili ratiba zitulie! Vita vya Bahari ya Shamu vilipozuka, Eisenhower ile ile ikaongezewa muda mara mbili.

Sasa nisikilize. Usitie saini kazi usiyoifanya. Najua ni saa tisa usiku, umechoka, orodha ndefu, na mkubwa wako anataka karatasi asubuhi. Fungua filta, pitisha kidole. Mafuta yakiwa na chengachenga za chuma, andika hivyo hivyo. Wakununie. 2017 manowari za Marekani USS Fitzgerald na USS John S. McCain ziligongana na meli za biashara, mabaharia 17 wakafa, na uchunguzi ukaonyesha meli zilizowekwa Japani zilikuwa zikitumwa kazini huku muda wa mafunzo na matengenezo ukimegwa. Wengine walikuwa rika lako. Usitie saini.

Barazani nawaambia wazee binti yangu ni fundi wa mitambo ya manowari, kahawa silipi. Lakini simu hupigi, mamako ndiye huandikiwa. Anasema ni kwa yale maneno niliyoyasema siku ya uwanja wa ndege. Huenda.

Pesa zilifika, asante. Pampu ya kisima imekufa tena. Nduguyo ameifunga kwa mpira wa baiskeli na anajiita injinia. Usitume nyingine kwanza, niifungue mwenyewe nione. Nyanyako anataka picha yako ya sare, ile ya kwanza imeliwa na mbuzi.

Babako