Dawa ya kupunguza uvujaji wa damu ijadiliwe kabla ya upasuaji wa tezi dume

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo linalostahili kuelezwa kwa kila mwanaume anayeandaliwa kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, nalo ni kwamba zipo dawa zinazoweza kupunguza damu atakayopoteza.

Tezi iliyokua ina mishipa mingi ya damu, na inapokwanguliwa kupitia njia ya mkojo huacha kidonda kipana kisichoweza kushonwa. Isitoshe, mkojo wenyewe una kimeng'enya kiitwacho urokinasi, ambacho huchochea kuyeyuka kwa damu iliyokwisha kuganda; ndiyo sababu mojawapo ya mgonjwa aliyeonekana ametulia kuanza tena kukojoa damu, hata mpira wa mkojo ukaziba kwa mabonge.

Asidi ya traneksamiki hufanya kazi hapo hapo, kwa kulilinda bonge lililokwisha kujiunda lisiyeyuke kabla kidonda hakijatulia. Si dawa ngeni, kwani iligunduliwa Japani mwaka 1962 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke. Katika utafiti wa POISE-3 uliochapishwa mwaka 2022, ukihusisha wagonjwa zaidi ya 9,500 wa upasuaji wa aina mbalimbali usio wa moyo, waliovuja damu kwa kiwango cha hatari walikuwa asilimia 9.1 kati ya waliopewa dawa hiyo, na asilimia 11.7 kati ya wasiopewa. Tofauti hiyo wengine wataiona ndogo. Mimi siioni hivyo, hasa nikikumbuka jinsi damu ya kuongezewa inavyopatikana kwa shida.

Wapo pia madaktari wanaompa mgonjwa finasteraidi kwa wiki kadhaa kabla ya upasuaji, ili mishipa ya tezi ipungue.

Hata hivyo, hizi si dawa za kujinunulia. Aliyewahi kuganda damu katika mishipa ya mguu au mapafu, mwenye kifafa, na mwenye figo dhaifu, ambaye dozi yake hupunguzwa, sharti wamweleze daktari mapema. Vivyo hivyo anayetumia aspirini au wafarini, dawa zinazozuia damu kuganda, aseme, wala asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe, maana huenda ndiyo inayoulinda moyo wake.

Nawasihi madaktari wa upasuaji na wa usingizi walizungumze suala hili na mgonjwa siku anapotia saini fomu ya ridhaa, wakati bado ana nafasi ya kuuliza, badala ya kungoja damu ianze kutoka.

Msomaji wako