Kwa wanangu wa kidato cha sita mnaotaka kuwahi vyuo vya Marekani

Mbukwenyi wanangu, ninyi mlioko Msalato, Bihawana, Kongwa, Mpwapwa na kwingineko mkoani kwetu.

Nimesikia mnaulizana kama muwahi kuomba Novemba hii au msubiri. Nimefundisha kidato cha tano na cha sita mpaka nikastaafu, na wazazi bado wananiletea fomu hizi nyumbani, kwa hiyo niruhusuni niseme ninavyoliona. Mtoto asiyeweza kwenda bila ufadhili, na wengi wenu ndio hao, asitie saini maombi yanayomfunga mpaka hesabu ya fedha imezungumzwa nyumbani ikaisha.

Nasema yanayomfunga kwa sababu maombi ya mapema yako ya namna mbili. Kuna yale ambayo unaomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo, mara nyingi kabla ya Novemba 1 au 15, jibu linatoka katikati ya Desemba, na ukikubaliwa unafuta maombi mengine yote. Karatasi yake inasainiwa na wewe, mzazi na shule. Na kuna yasiyokufunga: unajibiwa mapema, kisha una muda mpaka Mei 1 wa kuamua. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wako upande huu wa pili, ila wanakuzuia kuomba mapema kwenye vyuo vingine binafsi.

Mtaambiwa anayewahi ana nafasi kubwa zaidi. Asilimia ni kubwa kweli kwa vyuo vingi, lakini ndani yake wamo wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na watoto wa waliosoma palepale. Mtoto wa Chamwino asijihesabie asilimia hiyo. Tena vyuo vingi, mgeni akiomba msaada, huangalia uwezo wake wa kulipa kabla ya kumchukua. Vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havifanyi hivyo, na aliyekubaliwa hupewa msaada kwa kadiri ya uhitaji wake.

Ukijifunga, ofa ya fedha unayoiona ni moja, huna ya kulinganisha nayo. Sheria inakuruhusu kujitoa iwapo msaada hautoshi, lakini mazungumzo hayo yanakuja Desemba, wewe na mzazi mkiwa na muda mfupi wa kujibu. Gharama ya mwaka mmoja kwenye vyuo vingi binafsi inapita dola 80,000. Familia ikiachiwa sehemu moja ya kumi tu, ni dola 8,000 kila mwaka kwa miaka minne. Mwulize baba ni ng'ombe wangapi hao.

Sasa fomu ya msaada, ile ya CSS Profile, ndiyo inayonisumbua kuliko yote. Inauliza kipato cha mzazi kwa mwaka. Nimeona watoto wanaandika sifuri kwa kuwa mama hajaajiriwa. Mama huyo ana shamba la zabibu Mpunguzi, anavuna mara mbili kwa mwaka, ameezeka nyumba na amelipa michango ya shule. Msomaji wa fomu ataona sifuri na atajiuliza mnakula nini. Kaeni naye. Andikeni kilo alizouza kila msimu na bei, mtoe gharama za dawa na vibarua, mbakize kilichobaki. Stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zipo ndani ya sanduku, zitoeni. Mtendaji wa kijiji anaweza kuandika barua. Kazi hiyo haimalizwi wiki ya mwisho ya Oktoba, na wewe uko bwenini huna simu. Usimwachie kijana wa steshenari nywila yako akutumie maombi.

Liko pia suala la kalenda yetu. Novemba ya kidato cha sita una matokeo ya kidato cha nne na ripoti za kidato cha tano, basi. Kama form four ulipata vizuri na tano umeshika namba za juu, omba mapema kwa njia isiyokufunga. Kama kidato cha tano kilikuyumbisha na sasa ndiyo unapanda, mimi ningesubiri. Fanya mtihani wa Mei, nenda JKT ukiitwa, pokea matokeo Julai, kisha omba Novemba ukiwa na cheti kinachokusemea. Ni mwaka mzima nyumbani, najua majirani watauliza. Waacheni waulize. Angalieni jambo moja tu: vyuo vingi vya kule, ukishaanza digrii UDOM au kwingine, vinakuhesabu kama mwanafunzi wa kuhama, na msaada kwa wanaohama kutoka nje ni mdogo. Ulizeni kabla ya kujisajili.

Viza nayo ina sheria zinazobadilika ghafla, hivyo someni matangazo ya ubalozi, na dirisha la udahili wa vyuo vya hapa likifunguliwa Julai ombeni pia, hata mwenye barua ya Marekani mkononi.

Walimu wa kuwaandikia barua waambieni mwezi Agosti, si Oktoba. Mwalimu mmoja anaandikia wengi. Na ile karatasi ya kujifunga, kabla mzazi hajasaini, msomeeni yote kwa Kiswahili au Kigogo, sentensi kwa sentensi, mpaka aseme kwa maneno yake anachoahidi.

Mzee wenu, mwalimu mstaafu,
Dodoma