Goma: tuangalie pia pampu za maji

Ndugu Mhariri,

Habari nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, tangu waasi wa M23 walipouteka mji huo Januari 2025, huishia kwenye idadi ya miili. Idadi yenyewe inatisha: wiki ya kwanza ya Februari maofisa wa Umoja wa Mataifa walitaja maiti zipatazo 2,900. Lakini sisi tunaoshughulika na maji na kipindupindu tunaomba gazeti lako lifuatilie pia pampu za maji, maana zikisimama watu huendelea kufa hata bunduki zikinyamaza, na vifo hivyo havihesabiwi kuwa vya vita.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, maji yanazama mwambani, na mji hauna mto wa kuutegemea. Maji ya bomba huvutwa kutoka Ziwa Kivu, yakasukumwa hadi matangi ya juu, ndipo yateremke mitaani. Bila umeme hakuna kinachopanda. Nyaya zilipoharibiwa katika mapigano ya mwishoni mwa Januari, mabomba yalikauka na watu wakashuka ziwani na madumu. Ziwa hilohilo hupokea uchafu wa mji, kwa kuwa kuchimba choo kwenye jabali ni kazi ya mtaimbo, na mashimo mafupi hujaa upesi. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipokimbilia Goma, karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Kigali, inayodaiwa kuwaunga mkono M23, inaujua mji huu na maji yake.

Wengine husema watu watie klorini majini tu. Kwa kawaida unachanganya gramu 15 za unga wa klorini wa asilimia 70 katika lita moja ya maji, kisha unatia mililita 10 za mchanganyiko huo kwenye dumu la lita 20. Unasubiri nusu saa, unapima, na klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Ila kanuni hiyo ni ya maji yenye pH (kipimo cha asidi na alikali) chini ya 8. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH ya 9 hivi, na hapo sehemu kubwa ya klorini hugeuka kuwa aina dhaifu isiyoua vijidudu haraka. Kipimo kinaweza kuonyesha klorini ipo na mtu akaugua vilevile. Suluhisho ni kuongeza muda wa kusubiri, na kila asubuhi kujaribu viwango tofauti kwenye ndoo kadhaa kabla ya kuanza kugawa. Dumu lenye utelezi ndani nalo hunyonya klorini yote kabla mama hajafika nyumbani, kwa hiyo lisuguliwe kwanza kwa mchanga na sabuni. Kazi hii inahitaji mhudumu aliyesimama ufukweni na bomba la sindano mkononi kutwa nzima, na risasi zikilia mhudumu huyo hayupo.

Anayeugua ana saa chache. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji lita 6 za dripu ya Ringer (maji ya chumvi ya kutiwa mshipani) ndani ya saa tatu: karibu lita 2 katika nusu saa ya kwanza, zilizobaki katika saa mbili na nusu zinazofuata. Akizipata kwa wakati, karibu wote hupona. Zikikosekana, nusu ya wagonjwa wa hali hiyo au zaidi huweza kufa. Wagonjwa 100 ni lita 600, na mzigo wa namna hiyo wa dharura huletwa kwa ndege. Uwanja wa Goma ulifungwa. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za jumuiya ya kusini mwa Afrika (SADC) waliokutana Dar es Salaam tarehe 8 Februari walitaka ufunguliwe mara moja. Mwishoni mwa Oktoba suala hilohilo lilikuwa bado linajadiliwa Paris. Katikati ya Februari, huko Bukavu, karibu tani 7,000 za chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ziliporwa. Mwezi huohuo M23 iliwaambia waliokuwa kambini pembezoni mwa Goma warudi makwao, na vituo vya maji na zahanati vikabaki nyuma yao.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba wanajeshi 3,000 hadi 4,000 wa Rwanda walikuwa Kongo pamoja na M23, na Azimio 2773 la Baraza la Usalama la tarehe 21 Februari 2025 liliitaka Rwanda iwaondoe. Kigali husema inajihami dhidi ya FDLR, kundi la waasi wa Kihutu wa Rwanda lililoko Kongo. Hata tukiikubali hofu hiyo yote, Itifaki za Nyongeza za 1977 za Mikataba ya Geneva kuhusu vita zinakataza kushambulia au kulemaza mitambo ya maji ya raia, na anayeshika mji anawajibika kwa pampu zake.

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wako wanapowahoji mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wawaulize hivi: mafundi wa umeme wanaruhusiwa kufika kwenye nguzo zilizoanguka? Jenereta za pampu zina mafuta ya siku ngapi? Lori la klorini limekwama mpaka gani, na kwa amri ya nani? Majibu yachapwe kwa majina na tarehe.

Wahudumu wa maji na afya ya jamii,
Kigoma