Risala ya Umoja wa Kamati za Wamiliki na Wakazi wa Maghorofa, Upanga, kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Ilala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Ilala,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wenyeviti na makatibu wa kamati za majengo jirani,
Wamiliki, wapangaji, walinzi na mafundi wetu,
Mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wengine wote, habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kukaa nasi hapa kwenye maegesho, chini ya turubai, wakati ungeweza kutuita sote ofisini kwako tukaja. Tunakushukuru pia kwa kupanda ngazi hadi ghorofa ya sita kuangalia matangi, kwa kuwa lifti imelala tangu juzi. Hatukupanga iwe hivyo. Ila tukisema tumesikitika sana, tutakuwa tunakudanganya.

Umoja huu unakutanisha kamati za majengo kadhaa ya mtaa huu. Kila jengo lina chama chake cha wamiliki kwa mujibu wa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, aliyenunua fleti anapata hati ya sehemu yake, na papo hapo anakuwa mshirika katika vile visivyogawanyika: ngazi, lifti, paa, chemba, mabomba makuu, geti na hapa tulipokaa. Ardhi iliyo chini yetu, kama ilivyo nchi nzima, ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Sisi tunaishikilia kwa hakimiliki yenye miaka maalumu. Hakuna mwenye kipande chake cha udongo hapa. Tunakaa juu ya ardhi moja, chini ya paa moja, na anayevimba kwamba kalipa hela yake na hadaiwi na mtu anasahau kwamba dari yake ndiyo sakafu ya mwenzake.

Wazee wa Upanga waliopo hapa wanakumbuka utaratibu mwingine. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo mengi ya kupangisha na kumkabidhi Msajili wa Majengo, na mwaka 1990 kazi za Msajili zikaunganishwa na za Shirika. Miaka ile bomba likipasuka, mpangaji alijua pa kwenda. Aliandika barua, akasubiri, akanung'unika, lakini mwenye nyumba alikuwepo na ofisi yake ilikuwa na mlango. Leo katika majengo haya ya fleti zilizouzwa moja moja, mwenye nyumba ni sisi wenyewe, na wengi wetu bado hatujalipokea hilo. Mtu amenunua fleti kwa mamilioni, lakini lifti ikikwama bado anauliza, "Kwani wenyewe wanasemaje?"

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tukuoneshe jambo moja kwa karibu. Pale ukutani, nyuma ya kibanda cha mlinzi, kuna mita ya umeme wa kulipia kabla, LUKU, yenye namba iliyoandikwa kwa maka nyekundu. Hiyo ni mita ya pamoja. Taa za korido, pampu inayopandisha maji na lifti vyote vinakula hapo. Uniti zikiisha saa nane usiku hakuna anayejua, kwa sababu ndani ya fleti taa zinawaka na feni zinazunguka. Kunapambazuka, matangi ya juu yamekauka, watoto wanaenda shule hawajaoga, na ujumbe kwenye grupu la WhatsApp unafika mia kabla ya chai. Mweka hazina anaingia kwenye simu, ananunua umeme kwa hela yake mwenyewe, anatuma tokeni kwa mlinzi, maji yanapanda. Kisha mtu aliyekaa miezi bila kutoa mchango wa huduma anaandika: "Kamati mnafanya kazi gani?"

Mweka hazina huyo ni mama mstaafu, yupo hapa, hataki tumtaje. Hana mshahara wala posho. Alichonacho ni daftari la kaunta, stakabadhi zilizobanwa kwa pini, na moyo ambao wengine wetu tungekwisha kuutupa.

Sheria inasema kila mmiliki achangie kwa kadiri ya sehemu yake katika jengo. Tatizo letu ni ukusanyaji. Wamiliki wengine wako Toronto, wengine Leicester, wengine Muscat, na fleti zao zina wapangaji wanaolipa kodi ya miezi sita kwa dalali. Mpangaji anasema mchango ni wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba anasema mpangaji ndiye anayepanda lifti. Kila mmoja ana hoja, na fundi lifti hataki kusikia hoja ya yeyote. Wapo waliotushauri tuwafungie maji wadaiwa. Tumekataa, na msimamo wetu ni huo huo leo. Ndani ya fleti yenye deni mna mtoto mchanga na mgonjwa wa kisukari ambao hawakusaini mkataba wowote. Tunapendelea barua, kisha kikao, kisha usuluhishi, na mwisho kabisa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo ni ndefu na inachosha watu wanaojitolea, lakini bado ndiyo tunayoifuata.

Hapo ndipo umoja huu ulipozaliwa. Kamati moja peke yake ni watu watano waliochoka. Kamati kadhaa zikiketi pamoja, jengo lenye wakili linamwazima jirani ushauri, lenye mhasibu linawafundisha wengine kufunga hesabu za mwaka, na fundi lifti akijua anahudumia majengo mengi ya mtaa mmoja, bei inashuka na simu anapokea. Tunamsaidia pia mmiliki mmoja mmoja anayeonewa na kamati yake, maana hilo nalo lipo. Ziko kamati ambazo hazijaitisha mkutano mkuu kwa miaka na hazioneshi taarifa ya benki, na mwenyekiti amejigawia nafasi mbili za maegesho. Mwenye fleti akija kwetu na malalamiko ya namna hiyo, hatumuulizi kwanza kama yeye ni rafiki wa mwenyekiti.

Kesi nyingi tunazopokea ni za maji yanayovuja. Bafu la ghorofa ya nne linalowesha dari ya ghorofa ya tatu, wa juu anasema bomba ni la pamoja, wa chini anasema ni marumaru alizobadilisha wa juu. Mwaka huu tulimpeleka fundi mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili, akaweka rangi kwenye maji ya bafu, rangi ikatokea darini kwa jirani. Ubishi ukaisha siku hiyo hiyo na gharama ikalipwa. Tunaomba ieleweke kwamba magomvi mengi ya maghorofani yanahitaji fundi kabla ya hakimu.

Lakini lipo lililo kubwa kuliko dari lenye unyevu. Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo, watu wakapoteza maisha, na kabla ya hapo, Machi 2013, jengo la ghorofa kumi na sita lilianguka mtaa wa Indira Gandhi, si mbali na hapa. Muda mfupi baada ya msiba wa Kariakoo, katika moja ya majengo yetu mmiliki wa ghorofa ya chini alitaka kubomoa ukuta apanue duka. Kamati ikamzuia. Akauliza swali la haki kabisa: mnajuaje kwamba ukuta huu unabeba jengo? Hatukuwa na jibu. Aliyejenga na kutuuzia hakutukabidhi michoro ya nguzo, ya mabomba wala ya nyaya. Tumeandika barua, tumepiga simu, tumeahidiwa. Mpaka leo watu wa jengo hilo wanalala juu ya nguzo ambazo hawajui ziko wapi, na ukuta ule umesalimika kwa sababu tu mwenye duka ni muungwana.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu la kwanza na lililo zito ni hilo la michoro. Tunaomba utusaidie kuzungumza na Halmashauri ya Jiji ili mwendelezaji, yaani anayejenga na kuuza, asimalizane na mamlaka kabla hajakabidhi kwa chama cha wamiliki michoro kamili ya jengo, vyeti vya lifti na orodha ya vifaa vya zimamoto. Kwa majengo ya zamani, nakala zilizomo kwenye majalada ya vibali vya ujenzi zitolewe kwa kamati zinazoziomba kwa maandishi, bila kuzungushwa.

Tunaomba pia ofisi yako itenge siku moja ya mwezi, hata nusu siku, ambapo kamati na wamiliki wanaogombana wataketi mbele ya afisa ardhi kabla hawajafika Barazani. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tungependa lije kutufundisha, kwani mitungi ya kuzimia moto tunayo, lakini wanaojua kuitumia wanahesabika. Na suala la kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU: mpangaji anakatwa kodi ya mwenye jengo, na marejesho yanabaki kuwa maelewano ya mdomo. Tunaomba maelekezo ya maandishi yatakayobandikwa kwenye mbao za matangazo, ili kamati isiwe mahakama ya kila anayenunua umeme.

Kwa upande wetu, tunaahidi kwamba hesabu za kila jengo lililomo katika umoja zitakuwa wazi kwa mmiliki na mpangaji yeyote atakayezitaka. Za mwaka huu zipo mezani pale, karibu na thermos. Tunakuomba baada ya hotuba yako uzipitie, na ukiona penye kasoro useme mbele ya watu wote.

Fundi lifti ameahidi kufika saa sita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya kamati, wamiliki na wakazi