Barua ya wazi kwa Mheshimiwa aliyetuahidi askari

Mheshimiwa,

Heshima zako nazitanguliza. Jina lako silitaji, wala la ofisi yako. Ukifika kwenye habari ya askari utajijua.

Usiku wa kuamkia jana walikuja tembo saba. Niliwahesabu nikiwa juu ya dungu, tochi mkono mmoja, mkono wa pili napiga debe mpaka likapasuka. Hawakuwa na haraka. Yule mkubwa aliung'oa mpunga kwa mkonga, akaukung'utia tope gotini kama mama anayekung'uta mchicha, ndipo akala. Kulipokucha, jaruba la juu lote lilikuwa limelala, nyayo zimejaa maji, kila moja kama sinia. Mpunga wenyewe ulishatoa masuke.

Ulipokuja kijijini ulitufundisha mengi, na sijasahau hata moja. Ulisema Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na inapanda kutoka huku kwetu, mita kama 250 juu ya usawa wa bahari, hadi kilele cha Luhombero, zaidi ya mita 2,500. Ukasema maporomoko ya Sanje yana mita 170, na kwamba misitu hii ya safu ya milima ya Tao la Mashariki ni ya kale kiasi cha kuwa na viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Ukamtaja kima wa Sanje, "aliyegunduliwa" na wataalamu mwaka 1979. Hapo wazee waliguna, maana kima huyo, ngolaga kwa jina lao, wamemjua tangu utotoni, ila hakuna aliyewauliza. Tulikupigia makofi hata hivyo.

Mwisho ukasema kabla mpunga haujatoa masuke tutakuwa na askari wa wanyamapori wa kukaa hapahapa. Mwenyekiti aliandika kwenye daftari. Daftari lipo.

Sina ugomvi na msitu. Kuni zilipopigwa marufuku mwaka 2011 tulinung'unika, tukatii. Maji ya bonde hili yanatoka huko juu, hata mtoto anajua. Tembo nao siwalaumu sana. Nadhani wanatafuta njia za mababu zao za kuvukia kwenda Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Njia hizo, shoroba za Nyanganje na Ruipa, zimebanwa na mashamba, na mashamba ni yetu, nakiri. Au pengine wameuzoea mpunga tu, basi. Mimi si mtaalamu, mtaalamu ni wewe.

Ila kwa kuwa unapenda kanuni, nikukumbushe za mwaka 2011 za kifuta jasho, yale malipo ya aliyeharibiwa mazao na wanyama, zilivyoandikwa: shamba likiwa karibu zaidi na mpaka wa hifadhi, malipo yanapungua, na ndani ya mita 500 hakuna kitu. Yaani anayelala na tembo mlangoni ndiye asiyetoka jasho! Kijana wako alinieleza hayo kwa upole kabisa, baada ya kunijazisha fomu mara tatu. Uzio wa kamba tulijiwekea wenyewe, tukaupaka pilipili na oili chafu. Mvua za wiki moja zikausafisha.

Nilipoanza barua hii nilitaka kukuomba tathmini ya hasara, uzio wa umeme, na kile kituo ulichokionyesha kwa kidole pale penye mwembe. Nimevifuta vyote. Naomba askari wawili. Kama wawili ni wengi, basi mmoja, mwenye bunduki ya kupiga hewani, kwa wiki tatu tu. Jaruba la chini bado limesimama, na wiki tatu zinalitosha kukomaa.

Naandika haraka kwa sababu mke wangu yuko juu ya dungu peke yake, na debe alilonalo ndilo letu la maji ya kunywa.

Wako mtiifu, hadi sasa,
Mkulima wa mpunga, bonde la Kilombero